Naftalini kwenye nguo za mtoto mchanga

Mama K., Bukavu: Nimenunua nguo za mitumba pale Kadutu, zinanuka naftalini, zile tembe za kufukuza nondo. Nizitie javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiku kucha? Mtoto ana wiki mbili.

Fundi wa maabara: Hapana mama, javel haiondoi naftalini, na mabaki yake huwasha ngozi. Naftalini hugeuka mvuke, kwa hiyo dawa yake ni hewa. Kung'uta kila nguo, toa tembe zilizojificha mifukoni, kisha anika nje kwenye upepo kwa siku kadhaa, mpaka ukiiweka puani husikii kitu. Ndipo ufue kwa sabuni na maji ya moto, suuza mara mbili, anika juani. Blanketi nene hukawia zaidi. Ikiendelea kunuka, usimvalishe.

Mkunga: Naongeza hili, tafadhali msilipuuze. Watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao ni wa kurithi na umeenea kwenye nchi za malaria, naftalini huwapasulia chembe hizo. Mafuta mnayompaka mtoto huisaidia naftalini kupenya ngozi. Tazama weupe wa macho katika mwanga wa mchana: ukiwa wa njano, viganja vimepauka, au mkojo una rangi ya chai isiyo na maziwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimwanike juani ukingoja. Beba nguo yenyewe, uwaambie ni naftalini.

Mama K.: Asante dada. Na tembe za kabatini?

Mkunga: Zitoe nyumbani kabisa. Akianza kutambaa ataziona peremende.