Sili kitimoto, niko mji mdogo Georgia: niagizeje chakula mgahawani?

Mgeni_Kusini
Wakuu, salaam. Niko kusini mwa Georgia, Marekani, mji mdogo, mgahawa wa halali uko mwendo wa saa nzima kwa gari. Hapa ipo migahawa mitatu: wa sahani ya "meat and three", wa barbecue na wa samaki. Sili nguruwe. Naomba kujua niagize nini nisimle bila kujua, na kwa nini bei ya kwenye menyu hailingani na ninayolipa. Pia Jumapili hali ikoje, maana nasikia ni foleni tupu.

JikoniKwetu
"Meat and three" maana yake unachagua nyama moja na mboga tatu za siku hiyo, pamoja na mkate: mkate wa mahindi au biscuit, ambayo ni kama skonzi yetu isiyo na sukari. Makaroni ya jibini utayakuta kwenye orodha ya mboga. Usibishane nao.

Mtego hauko kwenye nyama, uko kwenye hizo mboga. Collards ni sukuma wiki kabisa, ila hazikaangwi na kitunguu dakika tano. Zinatokoswa saa moja au zaidi pamoja na kipande cha nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Black-eyed peas, yaani kunde zetu, ni hivyohivyo, na maharage mabichi pia. Kipande chenyewe mara nyingi hakifiki sahanini, kwa hiyo huoni kitu, lakini mchuzi wote umeshakolea.

Wengi wanakosea kwenye swali. Ukiuliza kama kuna nyama kwenye mboga utaambiwa hapana, na mhudumu hajakudanganya: kwao kile kipande ni kiungo, kama chumvi. Uliza sufuria imeungwa na nini: "What are the greens seasoned with?" Akijibu "smoked turkey", huyo ni bata mzinga. Akitaja ham hock, bacon, fatback, side meat au streak o' lean, zote ni kitimoto kwa majina tofauti.

Penye mashaka chukua nyanya za kukatwa, kabeji ya coleslaw, kiazi kitamu cha kuoka kisichoongezwa kitu, au mahindi ya kuchemsha. Kiazi kitamu chenye marshmallow (peremende laini) juu kiache: zile huwa na jelatini, na jelatini mara nyingi hutokana na nguruwe.

BintiTanga
Kaka, usisahau mafuta. Bamia za kukaanga zimevingirishwa unga wa mahindi tu na zinaonekana hazina kosa, lakini karai linaweza kuwa ndilo lililokaangia nyama ya nguruwe. Uliza mambo mawili: wanakaangia mafuta gani (neno la kuogopa ni "lard", yaani mafuta ya nguruwe), na kama samaki wana karai lao. Mkate wa mahindi nao ukiokwa kwenye kikaango cha chuma, wapo wanaokipaka kwanza mafuta ya bacon ili ukoko uwe mkavu. Ule unaookwa kwenye trei kubwa una nafuu, ila bado uliza.

MzeeWaMakaa
Kwenye barbecue futa mawazo ya nyama choma. Georgia na Carolina zote mbili, neno "barbecue" likikaa peke yake kwenye menyu ni nguruwe aliyechambuliwa. Ng'ombe ataandikwa "brisket", kuku ataandikwa kuku. Hata ukiagiza kuku, mwombe mkataji abadilishe ubao na kisu, maana ubao ni mmoja na umelowa mafuta tangu asubuhi. Brunswick stew iache kabisa, sufuria moja huchanganya kuku na nguruwe. Maharage ya barbecue vilevile, masalia ya nyama huishia humo.

Sosi za chupani huwa hazina shida: siki na pilipili mashariki ya North Carolina, haradali South Carolina, na ile nyeupe ya mayonezi na siki kaskazini ya Alabama, nzuri sana kwa kuku.

Sabato_Njema
Kama hauli nguruwe kwa sababu ya Usabato, kumbuka kambare naye haliwi, maana hana magamba. Na huko "fish plate" isiyo na jina la samaki mara nyingi ni yeye. Uliza kama wana tilapia, yaani sato wetu.

Kaunta_4
Kuhusu bili. Bei ya menyu haina kodi, kodi inaongezwa mwisho. Kaunti nyingi za Georgia ni 8% ukijumlisha ya jimbo na ya kaunti. Mfano: sahani dola 11.50, chai 2.50, jumla 14.00. Kodi 1.12, inakuwa 15.12. Bakshishi 20% ya ile 14.00 ni 2.80. Ukilipa kwa kadi, kwenye risiti unaandika 2.80 kwenye mstari wa "tip", 17.92 kwenye "total", unasaini. Usiache mistari wazi. Benki inaweza kuonyesha 15.12 kwanza kisha ikabadilika siku moja mbili baadaye, hujaibiwa.

Bakshishi si hisani: sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango hichohicho tangu 1991, na Georgia wanakifuata. Mezani 15 hadi 20%, bafe 10% inatosha. Beba pesa taslimu, vijiji vingine kadi hazipokelewi. Bili ikiletwa hujaiomba, hufukuzwi. Na mara nyingi unalipia kaunta ya mlangoni, bakshishi unaiacha mezani.

Jumapili fika saa tano na robo asubuhi au baada ya saa saba na nusu mchana, katikati hapo makanisa yametoka. Migahawa mingi hufungwa saa nane mchana, na Jumatatu haifunguliwi. Mzee akikualika "dinner" muulize saa, huenda anamaanisha mlo wa mchana.

BintiTanga
Na "tea" bila maelezo ni chai ya rangi iliyotiwa barafu, yenye sukari ya kukata koo. Sema "unsweet", au nusu kwa nusu. Inajazwa tena bure. Mhudumu akikuita "honey" au "baby", usijipe matumaini.

Mgeni_Kusini
Asanteni sana. Na asubuhi je?

JikoniKwetu
Grits ni uji mzito wa mahindi meupe yaliyosagwa chenga, kati ya uji na ugali. Zenyewe hazina tatizo, ziombe na siagi. Skonzi yenye mchuzi mweupe usiguse, mchuzi huo ni wa mafuta ya soseji ya nguruwe, maziwa na unga wa ngano. Ukiingia Waffle House, viazi vya kukwangua vina msamiati wake: "smothered" ni vitunguu, "covered" ni jibini, "chunked" ni ham, yaani kitimoto. Mwambie pia mpishi akukaangie mayai kwenye kikaango safi, siyo pale palipotoka bacon.