Mjadala: Jaketi okozi kwenye boti za wazi, lazima au hiari ya abiria?

Mwanasheria wa Vuga
Assalaam alaykum. Hoja ninayoiweka ni hii: kila anayepanda chombo cha wazi cha abiria katika maji ya Unguja na Pemba avae jaketi okozi kabla nanga haijang'olewa, na nahodha akiondoka na mtu asiyevaa, aadhibiwe nahodha. Nasema avae. Jaketi lililofungwa kwa kamba omo (mbele ya boti) au kuchomekwa chini ya turubai halimfai mtu boti ikishapinduka, kwani litakuwa chini ya boti. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, Skagit ikafuata 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Tangu hapo tumezungumza sana juu ya meli, na kidogo mno juu ya boti za visiwa vya Changuu, Mnemba na Misali, au zile zinazowavusha watu wa Tumbatu, Kojani na Kisiwa Panza.

Mwana wa Nungwi
Wa alaykum salaam. Sheikh, hoja yako ni ndugu wa hoja ya bunduki kule Marekani. Likitokea balaa hutakiwa sheria mpya, na wanaopinga hujibu kwamba bunduki haijifyatui, anayeua ni mtu, na sheria humbana muungwana huku jambazi akipita pembeni. Hilo nalikubali, na hapa ni vivyo hivyo. Nahodha mwangalifu atanunua majaketi, na anayepakia watu 25 kwenye boti ya watu 12 ataondokea pwani isiyo na mkaguzi.

Na hatari yenyewe imo katika maji. Mkondo wa mwambao wetu hukimbilia kaskazini. Kaskazi ikivuma kwa nguvu mwezi wa Januari, upepo na mkondo hukutana uso kwa uso, na nje ya Ras Nungwi mawimbi husimama mafupi na makali hata kama upepo si wa kutisha. Asiyelijua hilo, jaketi halitamfundisha. Tazama na Jinja, Uganda, watu wanavyoteremka Mto Nile kwa boti za mpira kwenye maporomoko ya daraja la 5 kwa ukali. Wanavaa jaketi na helmeti, lakini mchezo huo popote duniani una vifo vyake: mguu unanasa kati ya mawe, au maji yanamgandamiza mtu kwenye mti ulioangukia mtoni.

Mwanasheria wa Vuga
Mfano wa bunduki nimeupokea, ila tuufikishe mwisho. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, Australia, Aprili 1996, wenzetu wale walipiga marufuku aina fulani za silaha, wakanunua na kuharibu zaidi ya 600,000, na anayetaka kubaki na yake akatakiwa awe na leseni, sababu ya kweli na mahali pa kuifungia. Mkulima wa huko bado ana bunduki yake. Sheria iliuliza nani anashika, anashika nini, na anaihifadhi vipi. Nami nauliza nani ananahodhi, chombo gani, kimepakia nini. Mtu hafungiwi bahari.

Jinja umeileta wewe, lakini inanisaidia mimi. Kule asiyevaa jaketi hapandi, na ukingoni hufundishwa kwamba akitupwa alale chali, miguu ielekee mto unakokwenda, wala asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi. Naye amelipa ili aikaribie hatari. Mama anayevuka kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni hajanunua hatari yoyote, anakwenda sokoni.

Fundi Boti, Malindi
Nyote mnazungumza kana kwamba jaketi ni moja. Tazameni namba kwenye lebo. La 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, na halimgeuzi aliyezimia. La 100 linafaa maji yaliyokingwa, kama ndani ya Ghuba ya Menai siku ya shwari. La 150 ndilo la bahari wazi, limetengenezwa limlaze chali aliyezimia. Namba hizo ni nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Gawa kwa 10 upate kilo. Mtu mzima akiwa majini huhitaji kama kilo 4 au 5 tu kumwinua kichwa, kwa hiyo jaketi zima la 100 linamtosha. Shida ni kuwa mengi si mazima. Huachwa juani, humwagikiwa petroli, hukaliwa kama mito mpaka sponji ikasinyaa. Libonyeze kwa kidole gumba. Shimo likibaki, litupe. Kipimo cha pili: funga chuma cha kilo 10 kwenye jaketi la 100, likiwa zima litaelea nacho. Usitumie jiwe la matumbawe, maana hupoteza karibu nusu ya uzito wake majini na litakudanganya.

Sasa boti. Kizimkazi pomboo wakiibuka, kila mtu hukimbilia upande waliko na simu mkononi. Ngama, yaani uvungu wa ndani ya boti, ikiwa na maji, nayo hukimbilia huko huko, na boti haipati wasaa wa kurudi. Ngama ikaushwe kabla ya kupakia, na amri ya kukaa itolewe ufukweni, kabla pomboo hawajaonekana. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni mwa nahodha. Akianguka bila ya hiyo, mashine inaendelea, boti inazunguka, na rafadha (panga za mashine) inawarudia waliomo majini. Boti ya fiber itiwe sponji ya kufungwa chini ya mabenchi. Bila ya sponji hiyo ikijaa maji huzama, mashine ikiitangulizia tezi (sehemu ya nyuma), na wenye kuishikilia hubaki mikono mitupu. Ngalawa ya mbao iliyojaa maji huendelea kuelea.

Bi wa Mkokotoni
Wanaume mmesahau watoto. Majaketi kwenye boti nyingi ni saizi moja, ya mtu mzima. Mtoto akivalishwa, hupanda hadi masikioni naye akateleza chini yake. Mtoto anataka lake kwa kilo zake, lenye kola ya kuegemeza kichwa na ukanda wa kupita kati ya mapaja. La mama livaliwe juu ya buibui na kukazwa. Na mtoto mchanga asifungwe mgongoni kwa kanga ndani ya boti: jaketi likimlaza mama chali, mtoto anakuwa chini ya maji. Abebwe mbele.

Gharama akibebeshwa nahodha peke yake, nauli itapanda na mnyonge atavuka kwa mtumbwi usio na kitu. Majaketi yawe ya shehia. Abiria avae upande huu, ayaache upande wa pili, yasuuzwe kwa maji matamu na kuanikwa kivulini.

Baharia wa Mkoani
Sheria iseme wazi kuwa ni vyombo vya wazi. Ndani ya chumba cha meli kilichofungwa, maji yakijaa jaketi la sponji humpandisha mtu mpaka darini huku mlango uko chini, na hawezi kupiga mbizi kuufikia. Kwenye meli kubwa abiria ajue majaketi yalipo, kengele ikilia alichukue na atoke sitahani. Na chombo kina maji yake: Skagit ilijengwa kwa ajili ya Puget Sound, maji ya ndani ya Marekani, ikaja kukutana na Kusi ya Julai.

Mwana wa Nungwi
Bi, hilo la majaketi ya shehia linanipunguzia upinzani. Lakini Spice Islander ilipakiwa kupita kiasi, na jaketi haliondoi gunia. Upakwe mstari mwekundu ubavuni mwa kila boti. Ukizama, wa mwisho kupanda ateremke. Hapo hata pasipo mkaguzi, pwani nzima inaona.

Mwanasheria wa Vuga
Uingie katika hoja. Fundi, mstari huo utapigwa vipi?

Fundi Boti, Malindi
Siku ya maji shwari, boti ikiwa na mashine, nanga na matangi ya mafuta yaliyojaa. Weka viroba vya mchanga vya kilo 75 mahali pa kila abiria wa leseni. Watu 12 ni kilo 900. Ongeza kiroba cha nahodha na cha baharia wake. Piga alama ya maji yanapofika, omo na tezi, pande zote mbili. Alama ya tezi ndiyo ya kutazamwa zaidi, maana wimbi la nyuma huingilia hapo.