Tu BiShvat na watoto wa chekechea: vikombe vinne na kitu cha kupanda

Mlezi_Bustani
Wakuu, watoto 20, umri miaka 3 hadi 5. Mwaka 2027 Tu BiShvat, sikukuu ya Kiyahudi ya mwaka mpya wa miti, inaangukia Jumamosi tarehe 23 Januari, yaani Sabato, na siku hiyo hakupandwi kitu. Tutaisherehekea Alhamisi tarehe 21. Nataka seder fupi (mlo wa ibada wenye vikombe vinne na matunda) na upandaji. Vikombe vinne nivipimeje, na nipande nini kisichokufa?

Komamanga
Tumia juisi ya zabibu, nyeupe na nyekundu, na vikombe vinavyoonyesha ndani: rangi huanza nyeupe ikaishia nyekundu, wasipoiona haina maana. Kila kikombe mililita 30, yaani vijiko 6 vya chai. Kwa watoto 20 jumla ni lita 2.4. Wengi hukosea kikombe cha tatu: wakichanganya nusu kwa nusu, juisi nyekundu hufunika nyeupe na kikombe kinafanana na cha nne. Cha kwanza juisi nyeupe peke yake, cha pili kijiko kimoja kati ya sita kiwe nyekundu, cha tatu viwili, cha nne nyekundu peke yake. Jaribu kwanza, maana juisi nyingine ni nzito kuliko wino.

Matunda waache wayapange wenyewe kwenye bakuli tatu: yenye ganda lisiloliwa, yenye kokwa ndani, yanayoliwa yote. Mchezo ndio huo. Ubishi wa tende unakwenda bakuli gani utawashika kuliko hotuba yoyote.

Kokwa_Tatu
Naongezea usalama. Zabibu kata kwa urefu, vipande vinne. Ukikata kwa upana unapata duara linaloziba koo vilevile. Tende na zeituni toa kokwa kabla, kokwa zioneshe kwenye sahani ya pembeni. Lozi nzima usiwape kabisa wa umri huo, na waulize wazazi kuhusu mzio hata kama ni za unga. Bakuli la ganda litajazwa na komamanga na chungwa.

Shina
Kwenye kupanda, desturi ni pasili (parsley), jani lile la kuchovya maji ya chumvi usiku wa Pasaka ya Kiyahudi. Kasoro yake: huchipua baada ya wiki 2 hadi 4, na mtoto wa miaka mitatu keshasahau. Panda pia ngano kwenye kikombe kingine. Huchomoza ndani ya siku chache, tena imo katika yale mazao saba ya nchi ya Israeli yaliyotajwa katika Kumbukumbu la Torati 8:8. Iwe ngano nzima isiyokaangwa wala kukobolewa.

Pasili: loweka mbegu usiku kucha, toboa kikombe chini, mbegu kama 10, udongo juu yake nusu sentimita tu. Maji kwa chupa ya kupuliza. Mtoto akishika jagi, mbegu zinaelea na kuoza.

Mwaka huo mna bahati: kalenda ya Kiebrania ina mwezi wa ziada, Pasaka inaingia jioni ya 21 Aprili, siku 90 baada ya kupanda. Mwaka wa kawaida ni miezi miwili tu, mnavuna vijani viwili vitatu.

Mlezi_Bustani
Na ngano ikirefuka ikalala?

Shina
Ina kiu ya mwanga. Isogeze dirishani, ikifika sentimita 10 wape mkasi wainyoe. Huota tena.