Rehema kamili ya Novemba: lazima kuungama kila siku?

mkatekumeni: Tumsifu Yesu Kristo. Marehemu aliyeungama akaondolewa dhambi, toharani (hali ya kutakaswa baada ya kifo) anatakaswa nini tena? Na rehema kamili (Kanisa kuondoa adhabu yote inayobaki baada ya dhambi kusamehewa) ya tarehe 1 hadi 8 Novemba, ni lazima kuungama kila siku?

katekista: Milele amina. Toharani si nafasi ya pili ya kutubu. Aliyeko huko alikufa katika neema ya Mungu na wokovu wake ni hakika (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1030). Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama, hufuta hatia na adhabu ya milele. Inayoweza kubaki ni adhabu ya muda, na hapo ndipo wengi wanapotea: wanadhani Mungu analipiza kisasi. Namba 1472 inasema adhabu hiyo yatokana na dhambi yenyewe, yaani moyo kushikamana vibaya na viumbe. Umesamehewa wivu, lakini mazoea ya wivu bado yamo, na mbinguni hayaingii. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha (1563) kwamba toharani ipo na roho zilizoko husaidiwa na sala zetu, hasa Misa. Iko wapi au mtu hukaa muda gani, haukutamka.

msomaji_wa_nyaraka: Si lazima kuungama kila siku. Ungamo moja latosha kwa rehema kamili kadhaa, hata likifanyika siku ishirini hivi kabla au baada. Ila kila rehema inadai Komunyo yake na sala yake kwa nia za Baba Mtakatifu. Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha. Tendo lenyewe ni kwenda makaburini kwa ibada na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo. Rehema hii ni kwa ajili ya roho za toharani tu, na kamili hupatikana moja kwa siku. Sharti gumu ni kutoshikamana na dhambi yoyote, hata nyepesi. Likikosekana, rehema haiwi kamili, ingawa haipotei yote.

mkatekumeni: Asanteni. Vitabu vya sala vya zamani vinataja rehema ya "siku 300". Ni siku za toharani?

katekista: Hapana, ndugu. Zilihesabiwa kwa kipimo cha malipizi ya Kanisa la kale, na Papa Paulo VI aliziondoa mwaka 1967. Usipige hesabu za muda kwa ajili ya marehemu wako, omba Misa. Tarehe 2 Novemba kila padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu, ruhusa iliyotolewa kwa Kanisa zima na Papa Benedikto XV mwaka 1915.