Maumivu ya neva ya uso: sindano mgonjwa akiwa macho, au upasuaji wa nyuma ya sikio?

BintiWaJinja
Habari za jioni ndugu zangu. Mama ana miaka 71, anaumwa upande wa kulia wa uso. Ni kama shoti ya umeme kutoka pembeni mwa pua, sekunde chache, inatulia, inarudi. Upepo wa boda, mswaki, hata chai inaamsha. Aling'olewa magego mawili mazima kabla hatujajua kuwa ni neva. Karbamazepini ilimtuliza, ila sasa dozi imepanda, anapepesuka na kusinzia mchana kutwa. Ana presha pia. Picha ya MRI inaonyesha mshipa wa damu umeigandamiza neva. Mama yenu mngemchagulia ipi?

NesiMbarara
Pole dada, mpe mama pole. Kwanza apimwe damu, hasa sodiamu, maana dawa hiyo huishusha. Msiikatize ghafla.
Upasuaji wa nyuma ya sikio ndio unaogusa chanzo: mshipa wa damu unatengwa na neva kwa kipande kidogo cha Teflon. Nafuu yake ndiyo hudumu zaidi, na mara nyingi uso haubaki na ganzi. Lakini fuvu linafunguliwa, tena kwa usingizi kamili. Mtu wa miaka 45 mwenye afya ningemhimiza aende huko. Kwa mama yako nasita.

FundiPicha_Kampala
Sindano nimeishuhudia nilipokuwa masomoni nje. Inaingia kama sentimita 2.5 kutoka pembe ya mdomo, inapanda ndani ya shavu hadi kwenye tundu la chini ya fuvu, ikifuatwa kwenye skrini ya eksirei au CT. Hapo tunduni panauma sana, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya usingizi kwa dakika chache, kisha huamshwa. Daktari anapitisha umeme mdogo na kuuliza: "Mama, unasikia wapi?" Akisema taya ilhali ugonjwa uko shavuni, sindano inasogezwa. Akisema jicho, hawachomi hapo, kwa sababu jicho lisilo na hisia hupata vidonda bila mwenyewe kujua. Jibu likilingana, ncha inapashwa moto, nyuzi joto 60 hadi 80, kwa dakika moja hivi, ili kuiunguza neva inayoleta maumivu.
Nafuu huja mara moja. Gharama yake ni ganzi shavuni, na maumivu yanaweza kurudi baada ya miaka, hapo hurudiwa.

MzeeWaArua
Binti yangu, mliulizia puto? Shemeji yangu alifanyiwa Nairobi, akapona.

NesiMbarara
Mzee, puto, yaani kiputo kinachojazwa kwenye neva ili kuibana, ni zuri hasa maumivu yakiwa juu ya jicho, ila linahitaji usingizi kamili, na taya hulegea kwa muda. Njia nyingine, mionzi inayoelekezwa kwenye neva, haina sindano, lakini nafuu huchukua wiki au miezi, na mama huyu hali chakula vizuri.
Mimi nakwenda na sindano. Dada, mama anaongea lugha gani na daktari?

BintiWaJinja
Lusoga. Kiswahili anasikia kidogo, Kiingereza hapana.

NesiMbarara
Basi hilo mlimalize mapema. Ombeni muuguzi anayejua Lusoga awe chumbani, au wewe mwenyewe uruhusiwe. Na huku nyumbani afanye mazoezi: upande wa kushoto, usiouma, mguse paji, shavu, mdomo wa juu, kidevu, ataje kila mahali kwa neno moja. Akiwa na usingizi nusu kichwani, maneno marefu hayatoki.

BintiWaJinja
Asante sana. Damu anapimwa kesho, mazoezi tunaanza leo usiku.