Tupeane uzoefu: geti la mbao la nje, lipakwe nini na kwa hatua zipi?

MwanzishaUzi
Wakuu, masika yamekatika na huku Pwani mbao zimeanza kukauka, kwa hiyo huu ndio wakati wa kushughulikia mageti. Naomba tuweke uzoefu wa kazi wenye vipimo: mbao gani, dawa gani, mikono mingapi (yaani kupaka mara ngapi), na kilichoharibika kiliharibika kwa sababu gani. "Paka vanishi nzuri" haimsaidii mtu.

FundiRanda, Tanga
Naanza na vanishi, maana ndiyo inayopoteza pesa za watu wengi. Vanishi ya fanicha ikipigwa kwenye geti linalochomwa na jua mchana kutwa haifiki mbali. Inapitisha mwanga, kwa hiyo jua linaifikia mbao iliyo chini yake na kuichakaza ngozi ya juu hadi iwe unga. Hapo vanishi haina tena cha kushika, inabanduka vipande vizima ikiwa bado inang'aa. Kuongeza mkono mwingine juu yake ni kupoteza vanishi.

Kingine ni sandingi sila ya fanicha. Mafundi wengi wanaitanguliza chini ya vanishi ili uso uwe laini haraka. Ndani ya nyumba sawa. Nje ni ngumu mno, mbao inatanuka na kusinyaa, yenyewe haifuati, inapasuka na kila kilicho juu yake kinapasuka nayo.

Anayetaka nyuzi za mninga au mvule zionekane atumie steini ya nje yenye rangi ndani yake, ile inayozama kwenye mbao. Chembe za rangi ndizo zinazozuia jua. Mikono miwili, kila mmoja ukiacha dakika 10 hadi 15, kisha futa kwa kitambaa kile ambacho mbao imekataa kunywa. Usipofuta, kinabaki juu kinanata na kuvuta vumbi. Faida yake kubwa inaonekana wakati wa kurudia: haibanduki, inafifia. Unaosha, unapitisha msasa mwepesi, unapaka tena.

Aliyeng'ang'ania mng'ao achukue vanishi ya boti. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili uzame, wa pili robo ya tapentaini, halafu mitatu au minne bila kuchanganya, msasa namba 240 kati ya mkono na mkono. Na asitumie thina ya kupulizia magari kwenye vanishi ya mafuta, itakunjamana.

BrashiNne, Mombasa
Nakubaliana na fundi. Naongezea maandalizi.

Karibu na bahari, kabla ya msasa osha geti kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza, acha likauke siku mbili au tatu za jua. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu na rangi inaachia. Kujua kama mbao imekauka, bandika kipande cha nailoni kwa solotepu pande zote nne, acha usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, subiri.

Msasa: namba 80 kuondoa kijivu na rangi iliyolegea, kisha 120, na hapo simama. Watu wanafika 220 ili uso uteleze, halafu steini haizami. Fuata nyuzi, usikatishe. Geti la zamani sana rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, kwa hiyo lowesha unapoisugua, vaa barakoa, na watoto wasiwe karibu. Vumbi la mvule nalo linawasha pua na ngozi hata kama mbao ni mpya.

Msaji (mtiki) una mafuta yake ya asili. Futa kwa kitambaa chenye thina kabla tu ya kupaka, thina ikiruka paka papo hapo. Ukiacha hadi kesho mafuta yanapanda tena juu. Mvule nao unaweza kuchelewesha vanishi ya mafuta kukauka, basi jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Kwa msonobari na sipresi tatizo ni macho ya mbao, pale matawi yalipoota. Yafunike kwa shelaki, ile ya kuziba utomvu, mikono miwili, la sivyo utomvu utatokeza kwenye rangi nyeupe.

Muda: anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, acha saa kumi jioni. Usipake upande unaopigwa na jua. Juu kunakauka haraka, kiyeyushio kinanaswa chini, kinatoka na malengelenge. Fuata kivuli.

Mgeni_Kwenye_Mbao
Shikamoni wakubwa. Mzee wangu anasema tupake oili chafu ya gari, mchwa hawatagusa. Ni kweli?

BrashiNne, Mombasa
Marahaba. Usiipake. Harufu ikiisha mchwa wanarudi, inachafua udongo na nguo za kila anayepita, na mbao iliyokunywa oili haikubali rangi tena. Nunua dawa ya mbao ya dukani, ipake kwenye mbao tupu, na uhakikishe kopo limeandikwa kwamba inaruhusu kupakwa rangi juu yake.

SeremalaKusi, Lindi
Wakuu, naona wote mmezungumzia uso wa geti. Geti halianzi kuoza usoni. Inama uangalie ukingo wa chini wa geti lolote mtaani: mbele kumepakwa mara tano, chini ni mbao tupu ya kijivu, vichwa vya mbao za wima vimefunguka nyufa, na ncha ya bisibisi inazama bila nguvu.

Kichwa cha mbao, pale ilipokatwa kwa msumeno, kinanyonya maji haraka kuliko ubavu. Maji yanapanda ndani, jua likipiga yanatafuta njia ya kutoka na kuisukuma rangi. Ndiyo maana malengelenge yanajaa sehemu ya chini ya geti, na mwenye nyumba analaumu kopo la rangi.

Kwa hiyo ling'oe geti kwenye bawaba, watu wawili au watatu, lilaze juu ya magogo mawili. Vichwa vyote pitishia msasa namba 80. Paka dawa ya mbao, ikinywewa ongeza, ikinywewa ongeza, hadi ikatae. Ikikauka, praima (rangi ya kutangulizia) ya mafuta iliyolegezwa kidogo, kisha mikono ya juu kama usoni. Matundu ya skrubu za bawaba na komeo nayo yadondoshee dawa kabla ya kurudisha skrubu.

Kama geti bado linatengenezwa, mbao za kati zipakwe pande zote kabla ya kufungiwa ndani ya fremu, na zisipigwe gundi. Kiangazi zitasinyaa, na usipofanya hivyo utaona mstari mweupe wa mbao tupu kila ungio. Nyufa za kati ya mbao msizijaze puti. Itatemwa mvua za kwanza, na maji yataingia nyuma yake yakose pa kutokea. Ukingo wa juu uwe na mteremko kidogo, na chini kubaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi kutoka ardhini.

MwanzishaUzi
Asante sana fundi. Na kiasi cha rangi tunapigaje hesabu?

FundiRanda, Tanga
Geti la mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6 kila upande, 12 pande zote, weka 14 pamoja na kingo. Lita moja kwenye mbao iliyopigwa randa inafunika takriban mita za mraba 10, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 1.4 na mikono miwili inakaribia lita 3. Galoni moja ya lita 4 inatosha na ya kurekebishia inabaki. Mbao ya msumeno isiyorandwa inaweza kunywa mara mbili ya hapo. Praima hesabu peke yake.

Wanaotumia mafuta ya kitani: vitambaa mlivyofutia msivikunje na kuvirundika stoo. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Mgeni_Kwenye_Mbao
La mwisho jamani. Geti letu la mninga lina madoa meusi kuzunguka misumari.

SeremalaKusi, Lindi
Hiyo ni chuma kukutana na tanini, asidi ya asili ya mbao yenyewe, penye maji. Ng'oa misumari, weka skrubu zisizoshika kutu. Doa lisugue kwa asidi ya oksaliki, gramu 50 kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ukiwa na glavu na miwani. Acha dakika 20, suuza sana, kausha siku mbili ndipo upake. Na usisugue geti kwa waya laini wa sufuria, vipande vyake vikibaki kwenye nyuzi utapata madoa mapya mvua ikinyesha.