Mwanangu ana kinundu pajani anapochoma insulini, na sukari haishuki

MamaSalehe, Makorora:
Assalam alaykum. Mwanangu ana miaka 12, kisukari aina ya kwanza, mwaka wa tatu sasa anachoma insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maji ya mchele. Asubuhi uniti 16, jioni 8. Tangu Ramadhani iishe, kila asubuhi sukari ni 14 kwenda juu, juzi 19. Chakula nampimia mwenyewe, sindano anachoma mbele yangu. Friji hatuna, chupa naiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, na jirani anashikilia kwamba joto la Tanga limeiua dawa. Jambo jingine: paja la kulia lina kinundu laini, kama kitumbua kidogo. Anapenda kuchoma hapo kwa sababu hapaumi. Usiku silali, nasikiliza anavyokwenda msalani. Nimwongezee uniti mbili? Kliniki ni baada ya wiki tatu.

BabaTatu, Muheza:
Chungu kinafaa, sisi tunakitumia. Ila chupa ikishafunguliwa mwisho siku 28, andika tarehe kwa kalamu.

Nesi mstaafu, Chumbageni:
Mama Salehe, usiongeze hata uniti moja. Insulini ikichomwa mahali pamoja kila siku hunenepesha mafuta chini ya ngozi, na sindano moja ikirudiwa mara nyingi inazidisha. Hapo mtoto hasikii maumivu, lakini dawa inaingia mwilini ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Nilipokuwa masomoni hospitali ya KCMC, Moshi, mwalimu wetu hakuangalia daftari la sukari kabla hajapapasa mapaja na tumbo la mgonjwa. Mpaka leo nadhani ndivyo inavyopasa.

Msihame mahali pa kuchoma bila daktari. Dozi hiyo hiyo ikiingia kwenye ngozi isiyo na kinundu inaweza kumshusha sukari vibaya. Nenda hospitali ya Bombo kesho, wiki tatu ni mbali. Akitapika, akipumua kwa nguvu au akisinzia isivyo kawaida, ni usiku huo huo.

MamaSalehe:
Dada, Mungu akulipe. Tulikwenda. Daktari alikipapasa kinundu, akaturuhusu kuhamia tumboni na akapunguza asubuhi iwe 13. Siku ya pili, saa nne, Salehe akaanza kutetemeka, jasho kama kamwagiwa maji. Mashine: 3.4. Nilimpa nusu glasi ya maji ya machungwa, nikangoja dakika 15, ikawa 5.1, akala mkate. Nilikuwa nalia na yeye ananituliza. Nimempigia daktari, kapunguza tena.

Nesi mstaafu:
Umefanya sawasawa. Sasa achome kila mara upana wa kidole kimoja mbali na alipochoma mara iliyopita. Kinundu mkiache kipumzike, kitachukua miezi.

MamaSalehe:
Amechora tumbo lake kwenye daftari la hesabu, anaweka alama ya msalaba kila anapochoma. Leo asubuhi 8.2.